Namna ya Kusema Wewe

Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya watu wanaogombana. Tamthilia zinakuja kutoka nje zikiwa kwa Kiingereza, mimi nazigeuza kwa Kiswahili, halafu waigizaji wetu wanazitia sauti, ili mtu aliyejinyoosha kwenye kochi lake amsikie tajiri wa kigeni akimfukuza mkwewe kwa lugha anayoielewa. Kwa miaka mitano nimetafsiri talaka kumi na nane, wosia wa kughushi saba, na mapacha waliobadilishwa hospitalini mara tatu. Sijisifu, lakini Kiingereza cha ugomvi nakijua.

Ndiyo maana watu walishangaa nilipokabidhi skripti ya sehemu ya arobaini na moja ikiwa na pengo.

Pengo lilikuwa ukurasa wa tisa. Mjukuu aliyeondoka nyumbani bila kuaga anarudi baada ya miaka saba. Anasukuma mlango, anamkuta bibi yake jikoni anamenya viazi. Bibi anainua uso, anamtazama, anasema neno moja tu, “You”. Kabla ya neno hilo mwandishi ameweka mabano, na ndani yake ameeleza lisemwe vipi: “reprovingly”. Kiingereza kina tabia hiyo. Namna ya kusema jambo inachukuliwa, inafungwa mkia wa “-ly”, inawekwa pembeni ya jambo lenyewe ili msomaji asikosee. Sisi kazi hiyo huwa tunaiachia koo. Mimi niliandika “Wewe”, na ndani ya mabano nikachora vistari vitatu, nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Mwenye studio yetu tunamwita Hewala, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata akiambiwa umeme umekatika. Ni mtu mwema, mwepesi wa kucheka, na ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuliona neno la Kiingereza limekaa peke yake bila kulisaidia. Asubuhi iliyofuata alivaa miwani, akasimama mbele ya skripti, akatoa hukumu. Riplei ni kucheza tena, alisema. Richaji ni kuchaji tena. Sasa kupruvu si kuthibitisha? Basi “reprovingly” ni kwa kuthibitisha tena. Bibi hajamwona mjukuu miaka saba, macho yenyewe yamechoka, ni lazima ahakikishe kama ni yeye. Akachukua kalamu akajaza vistari vyangu: kwa kuhakikisha upya.

Ubaya wa kosa lile ni kwamba lilikuwa na akili. Fundi mitambo wetu, bwana mmoja mkimya ambaye husema maneno kumi kwa siku na saba kati ya hayo ni “tayari”, alitikisa kichwa kukubali. Nilipofungua mdomo kusema sivyo, Hewala akaniuliza: kama sivyo, ni vipi? Nikaufunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ule nilikuwa nimeuacha kwa mkono wangu mwenyewe.

Ukweli ni kwamba neno lake la Kiswahili nililijua tangu mwanzo. Sikutaka kuliandika.

Nieleze. Sauti ya bibi kwenye tamthilia ile ilikuwa imebaki haina mwenyewe, kwa sababu mama aliyekuwa akiitia alihama kumfuata binti yake. Mimi ndiye niliyempendekeza mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na saba, nami nilikulia humo humo. “Wewe” yake moja kutoka chini ya ngazi ilikuwa inasimamisha wasichana sitini, na kila mmoja akidhani kaitwa yeye. Nilimwambia Hewala kwamba sauti kama ile kukaa bila kazi ni dhambi. Sikumwambia sababu yangu hasa, kwamba nilitaka nikae naye chumba kimoja japo siku moja, labda atanisemesha kama zamani.

Si kwamba alikuwa amenuna. Angenuna ningejua pa kuanzia. Miezi minane nyuma wenzangu wa kazini walikuja kwangu kunywa chai, naye alikuwepo. Mmoja alikuwa anasimulia jambo, nikamkatiza. Akaanza upya, nikamkatiza tena. Mama mkubwa akasema, “Wewe, mwache mwenzio amalize.” Wote wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upendo, sasa nakiona. Siku ile sikukiona. Nilimjibu palepale, mbele ya vikombe na wageni, kwamba mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu, na asinikanye tena.

Akaweka kikombe chini. “Haya, mwanangu,” akasema. “Sitakukanya.”

Na mama mkubwa si mtu wa kuvunja ahadi. Tangu siku hiyo kila nilichofanya kikawa vizuri. Nilinyoa nywele zote, akasema vizuri, mwanangu. Nilikaa wiki sita bila kwenda kumwona, akasema vizuri, najua una kazi nyingi. Nikampigia simu makusudi kumwambia nimegombana na jirani na sitamsalimia maisha yangu yote, nikangoja. Vizuri. Ukitafsiri tamthilia utakutana na maneno mawili yanayofanana sura kama watoto wa mama mmoja, “approvingly” na “reprovingly”. La kwanza ni kukubali, la pili ni kukataa, na nilikuwa nimehukumiwa kuishi ndani ya la kwanza. Mama mkubwa alikuwa ananichukulia kama mgeni, na mgeni haambiwi kitu. Niliomba heshima nikapewa, na nisiseme uongo, iliniuma.

Sasa unavielewa vile vistari vitatu. Neno ni kukanya. Kila nilipotaka kuliandika niliona kikombe kinawekwa chini.

Studio yenyewe ni vyumba viwili juu ya kibanda cha fundi viatu. Kimoja ni cha mitambo, kingine ni cha kusemea, kimepigiliwa magodoro ukutani kuzuia mwangwi, na katikati yake kuna dirisha la kioo. Mama mkubwa aliingia amependeza kama anayekwenda kupokea cheti. Akaligusa godoro moja kwa kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi. Mwaka mmoja nyuma ningeambiwa habari za lile vumbi mpaka nitafute ufagio. Alikifuta kidole kwenye leso yake, akasema chumba ni kizuri.

Saa sita alikuwa anakuja mteja, mwanamke wa kampuni yenye tamthilia, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Yeye ndiye angechagua kati ya mama mkubwa na mtangazaji mmoja wa redio aliyesharekodi jana yake, mwenye sauti laini ambayo haijawahi kumkera mtu. Mama mkubwa akikosa, angerudi nyumbani kwake na vizuri zake, nami nisingekuwa na kisingizio kingine cha kumwita.

Hewala akabonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha pili, akamweleza bibi anahakikisha upya. Mama mkubwa akatii. “Wewe?” akasema. Akatulia, akarudia, “Wewe,” kwa sauti ya karani wa dirishani anayelinganisha sura ya mtu na picha ya kitambulisho. Ilibaki kumwomba mjukuu alama ya kidole gumba. Fundi mitambo akainama nyuma ya spika, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Hewala hana kiburi. Alicheka, akakubali kwamba pengine neno lile lina ukali ndani yake. Nikaona mwanya, nikasema ni kukaripia. Nilitaja kukaripia kwa sababu kamusi yangu ndogo ndivyo inavyosema, na kwa sababu halikuwa lile neno lingine. Mama mkubwa akakaripia. Mshale wa mtambo ukaruka mpaka kwenye nyekundu, na fundi viatu huko chini akaacha kugonga. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye maharage yake. Mjukuu angeisikia ile, angegeuka alikotoka na miaka mingine saba asirudi.

Tukajaribu kulaumu. Hapo likatoka neno refu la kulialia, limejaa kamasi, mpaka tukamchoka bibi tukaanza kumhurumia mjukuu kwa kuondoka kwake. Hewala akasema basi tujaribu kusuta. Ah, kusuta. Mama mkubwa alishika kiuno, akabinua mdomo, na “Wewe” ikatoka ina mkia nyuma yake. Ndani yake mlikuwa na habari zote za mjukuu, na za rafiki zake, na za yale aliyodhani hayajulikani. Tulicheka wote mpaka machozi, na hata yeye alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyegundua chombo chake cha zamani bado kinakata. Ila msuto unataka watazamaji, na jikoni kwa bibi kulikuwa na watu wawili tu.

Mteja alifika robo saa kabla ya wakati. Alisalimia kwa ukarimu, akakaa kiti cha nyuma, akaweka miguu yote miwili juu ya sanduku la nyaya, akatoa simu. Hewala akamsikilizisha zote nne. Alisikiliza kwa sikio moja huku kidole kikiendelea kupandisha picha, kisha akasema kwa upole kwamba zote ni nzuri, na kwamba yule wa jana naye ni mzuri, na kwa kuwa muda ni mchache labda tumchukue yule wa jana. Hewala akasema hewala.

Nilisimama. Nina hasira za karibu, anayenijua anajua, lakini siku ile hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Niliomba nafasi moja ya mwisho. Sikungoja jibu. Niliingia chumba cha magodoro nikafunga mlango. Maiki ilikuwa wazi, na nilijua iko wazi.

Mama mkubwa alikuwa anakunja karatasi zake sawasawa, tayari kuondoka. Alinituliza, akasema siku imekuwa nzuri na watu wa hapa ni wazuri. Nikamwambia siku si nzuri. Nikamwambia wenzangu wamekosea na kosa ni langu, kwa sababu neno lenyewe nililificha. Bibi yule hahakikishi kitu, macho yake ni mazima. Hakaripii, halaumu wala hasuti. Anamkanya.

Aliziweka karatasi chini. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kwenye skripti.

“Huyu kijana aliwahi kumwambia bibi yake asimkanye?”

Upande wa pili wa kioo nilimwona Hewala akipekua haraka haraka kurasa za nyuma, akilitafuta tukio hilo.

“Aliwahi,” nikasema.

“Mbele za watu?”

“Mbele za watu.”

“Sasa anarudi kufanya nini?”

Miaka mitano nimewatafutia watu maneno ya kusameheana na kufukuzana, na langu sikuwahi kulitafuta. Nilitazama viatu vyangu. Mwisho nikasema ninavyojua.

“Huko alikokuwa, kila alichofanya kiliambiwa ni kizuri,” nikasema. “Hakuna aliyemjali kiasi cha kumkataza. Alikosea, mama mkubwa. Amerudi kuomba akanywe.”

Kisha spika ikakwaruza, na sauti ya Hewala, yenye wasiwasi wa kweli, ikauliza: “Akanywe nini?”

Mama mkubwa alianza kwa kukohoa. Alidhani atakizuia kicheko. Kikamshinda, akacheka akiwa ameshika kifua, akaegemea godoro lenye vumbi na nguo zake nzuri, nami nikacheka naye huku nalia, na Hewala huko nje akaendelea kuuliza kama bibi amtengee chai au maji, kwa sababu hakuna kikombe kwenye picha. Miezi minane sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nilikuwa nimeshasahau kwamba anapocheka jino moja la juu linaonekana.

Alipotulia, alijifuta macho, akajinyoosha, akavaa hedifoni. Karatasi hakuzifungua. Fundi mitambo akasema tayari, taa nyekundu ikawaka. Mama mkubwa hakuitazama maiki. Alinitazama mimi.

“Wewe,” akasema.

Haikuwa kali wala haikuwa na sauti kubwa. Ilianza chini, ikakaza katikati, na mwishoni ikalegea kidogo, pakabaki mahali pa kupita mtu anayetaka kuingia. Ndani yake mlikuwa na “ulikuwa wapi”, na “umekonda”, na “hebu kaa kwanza”. Niliteremsha macho kabla sijajua ninayateremsha. Miguu yangu iliungana yenyewe, kisigino kwa kisigino, kama tulivyokuwa tunasimama bwenini.

Nilipoinua uso nikatazama kwenye kioo. Mteja alikuwa ameshusha miguu kutoka kwenye sanduku. Amekaa wima, magoti pamoja, na alikuwa anaitia simu yake kwenye mkoba polepole, bila kuonekana kama anajua kwa nini. Hakuna aliyemtafsiria. Alisema ni huyu, hakuna haja ya kumsikiliza mwingine, na akauliza, kwa adabu ambayo hakuwa nayo alipoingia, kama mama anaweza kuanza Jumatatu.

Hewala akasema hewala. Alifuta maneno yake kwenye mabano, akaandika langu kwa herufi kubwa. Kisha akanivuta kando akaninong'oneza nimwambie, kwa faida yake tu, Kiingereza cha kuthibitisha tena ni nini. Nikamwambia hata mimi sijui. Alionekana kufarijika.

Tuliondoka pamoja, mama mkubwa na mimi. Kutoka mlango wa studio mpaka kwenye ngazi ni ushoroba mrefu wa giza kidogo, wenye choo upande wa kushoto. Alikuwa ametangulia hatua moja, mkoba kwapani, hasemi kitu. Hofu ikanipanda. Pengine alikuwa anaigiza tu. Ndiyo kazi tuliyomwitia, na amefanya kazi aliyoitiwa, sasa anarudi kwenye ahadi yake. Nikafikiria kumuuliza, nikaogopa jibu, maana nililijua: angesema imekuwa siku nzuri.

Akasimama. Akageuka, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

“Blauzi umeivaa nje ndani,” akasema.

Nikajitazama. Mishono yote ilikuwa nje, na kibandiko cha dukani kilikuwa kinaning'inia shingoni. Tangu asubuhi. Nilikuwa nimenunua mkate nikiwa hivyo, nimebishana na Hewala nikiwa hivyo, nimempa mteja mkono nikiwa hivyo. Wote wale wana macho, na wote walinyamaza, kwa heshima.

Nikamuuliza yeye aliiona saa ngapi.

“Saa tatu, ulipokuja kunichukua,” akasema. “Nilitembea na wewe njia nzima roho inaniuma. Lakini ulisema nisikukanye.”

“Nilisema.”

“Usiniambie tena neno kama lile. Mimi si jirani yako. Ingia humo ukaigeuze, unasimama nini hapo.”

Nikaingia chooni. Mlango nilikuwa nimeurudishia nusu, akaufunga vizuri yeye mwenyewe, akabaki nje yake akiendelea. Nani amenifundisha kula mkate mkavu nikiita ni chakula cha asubuhi. Mkanda wa mkoba umekatika nusu, nangoja ukatike wote nimwage vitu barabarani. Na nikiongea na wakubwa zangu kazini niache kupandisha bega, ameniona pale ndani, bega limefika sikioni.

Blauzi niliigeuza mara moja, si kazi kubwa. Nilikaa mle muda, nimeuegemea mlango, nikiitikia kila alichosema.